Bei ya Kutwa kwa Bi Rukia

Habari ya kifo cha Bi Rukia ilinifikia nusu. Nilikuwa Nyashimo kwenye banda langu la maandazi, simu ikalia, nikaona ni ujumbe kutoka kwa mtoto wa kaka yake. Bando langu lilikuwa ukingoni. Maandishi yalipita, "Dada Limi, sikiliza hii tafadhali," lakini sauti aliyoituma ikabaki inazunguka bila kufunguka, na baadaye simu ikaniambia kifurushi kimekwisha. Nilijua. Mtu haandiki tafadhali ya namna ile kwa jambo dogo. Nikaepua karai, nikaenda duka la jirani kununua vocha, na nilitembea polepole kuliko nilivyozoea, kwa sababu maadamu sijanunua, Bi Rukia alikuwa bado hajafa kwangu.

Nilifika Bariadi wameshamzika. Nikakaa ndani na wanawake, nimeegemea ukuta wa chumba ambacho zamani nilikifagia kila asubuhi, na dirishani zikaingia sauti za vijana waliokaa nje chini ya turubai. Walikuwa wanabishana juu ya intaneti. Mmoja alisema yeye analipa mara moja kwa mwezi, nyumba nzima inatumia bila kikomo. Mwenzake akamwambia, "Na ukilala inakwenda bure. Mimi nanunua ya saa moja, nikimaliza nimemaliza." Yule wa kwanza akamjibu, "Ndiyo maana ukinipigia unaongea kama unakimbizwa na mbwa." Wakacheka, halafu wakakumbuka wako msibani, wakanyamaza. Mimi nilijifunika kanga usoni, na wanawake wakadhani nalia. Nilikuwa nacheka na kulia pamoja. Ugomvi ule ulikuwa wa Bi Rukia kabla vijana wale hawajazaliwa, na angekuwa hai angetoka nje na kuuingilia.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa binti wa kufungua na kufunga duka lake la intaneti. Kwetu ni Ngulyati, shule yangu iliishia darasa la saba, na sababu zake si habari ya leo. Duka lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, karibu na soko, chenye kompyuta tano zilizofunikwa vitambaa alivyovifuma mwenyewe. Viatu vilivuliwa mlangoni. Ndani kulikuwa na harufu ya udi na ya vumbi linalopata moto, na juu ya bati kulikuwa na dishi kubwa ambalo njiwa walilifanya kiti chao. Mlango wa nyuma ulifungukia uani, palipokuwa na jiko, pipa la maji na mkeka. Hapo tulikula sisi watatu kila jioni, Bi Rukia, kaka yake Mzee Idi aliyeuza spea za baiskeli duka la pili, na mimi. Bi Rukia alikuwa mtu wa Tabora, mjane, mnene kidogo, mwenye sauti ya chini ambayo watu waliiogopa kuliko kelele. Chakula chake kilikuwa na nazi hata mahali ambapo sisi Wasukuma hatukuona sababu ya nazi. Alikuwa ananiambia, "Limi, kula, wewe ni mwembamba kama waya wa mtandao."

Wakati ule watu walilipia dakika. Ukikaa tu, saa nyekundu ilitokea kwenye kona ya kioo na kuanza kupungua, na ikifika mwisho kioo kiligeuka cheusi, kikatoa mlio, basi, hata kama ulikuwa katikati ya neno. Kwa hiyo watu walijifunza kufanya kazi yao nje. Palikuwa na benchi barazani, na asubuhi utawakuta wamekaa wanaandika barua zao kwenye karatasi, wanafuta, wanaandika tena, wanasomeana kwa sauti. "Usimwambie mvua imekataa, atadhani unataka hela." "Sasa nimwambie imekuja?" "Mwambie tunasubiri." Hayo niliyasikia kila siku nikiwa nadeki. Barua ikishakuwa fupi ya kutosha ndipo mtu aliingia, akanipa niichape, kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vyepesi, na alitoka hata saa nyekundu haijapata joto. Hakuna aliyekaa ndani akicheka. Kilikuwa chumba cha kimya, kama zahanati. Ukiniuliza leo nitakwambia nilikipenda kile kimya. Nilijiona mtu wa maana.

Mama Kabula aliingia katika chumba hicho baada ya mavuno ya pamba. Alitoka Mwamapalala na lori la mnada, mrefu, mkavu, mtoto mgongoni hayupo lakini amefunga kanga kama vile yupo. Hakujua Kiswahili zaidi ya salamu, tukaongea Kisukuma. Binti yake Kabula, wa miaka kumi, alikuwa na tundu kwenye moyo, akapelekwa India kutibiwa, na nafasi ya msindikizaji ilikuwa moja. Akaenda mjomba wake, Mwalimu Sayi, kwa sababu alijua Kiingereza. Mama akabaki na ng'ombe na wadogo zake Kabula. Katika nyumba waliyopangishiwa jirani na hospitali kulikuwa na mwanafunzi Mtanzania mwenye kompyuta yake, na mjomba alituma ujumbe kwamba mama akienda Bariadi siku ya mnada, mtoto ataongea naye kwa kompyuta, kwa sauti, kama simu. Madaktari walikuwa wanamnenepesha kwanza kabla ya kumpasua. Mama Kabula alitaka jambo moja tu, aisikie sauti ya mtoto wake kabla hawajamfungua kifua. Hakuficha kwamba aliogopa hatarudi. Alilisema hivi hivi, amesimama mlangoni na viatu mkononi.

Nikamvisha hedifoni juu ya kilemba, nikampa dakika alizolipia. Nikasikia kwa mbali kasauti ka mtoto kakimsalimia mama yake, "Mwadila, mayu." Mama akaitikia. Na hapo salamu zikaanza. Kwetu mtoto hamsalimii mama yake akakimbilia habari. Anaulizwa amelalaje, anajibu mhola, salama. Na yeye anauliza nyumbani, anajibiwa. Halafu bibi, halafu baba mkubwa na watu wa mji wake, halafu jirani kwa majina, halafu ng'ombe, na kati ya ng'ombe yule ndama mwenye baka usoni anaulizwa peke yake. Kila jina lina jibu lake na kila jibu lina kitulizo chake. Mimi nilikuwa naiangalia saa nyekundu. Nilimgusa bega, nikamwambia, "Mayu, muulize anaumwa wapi, muda unakwisha." Akanitazama kama nimemtukana. "Nimuulize ugonjwa kabla sijamuuliza nyumbani? Atafikiri nyumbani kumeharibika." Walifika kwa ndama, kioo kikawa cheusi.

Siku za mnada zilizofuata ikawa hivyo hivyo. Alileta michembe kwenye mfuko, viazi vile vya kukausha, akanipa mimi na Bi Rukia, akalipa, akavaa hedifoni, akasalimia mpaka mwisho. Mara moja tu walivuka salamu, mtoto akasema, "Mayu, wananichoma sindano mko..." na mlio ukalia. Mama Kabula alikaa pale na kioo cheusi mbele yake. Bi Rukia alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani na mwiko mkononi, hajui Kisukuma, lakini hakuhitaji kutafsiriwa.

Wiki iliyofuata aliniita pembeni, akaninong'oneza nisiiwashe ile saa. Nikafanya hivyo. Mama Kabula akasalimia, akafika kwa ndama, akavuka ndama, akamuuliza mtoto amekula nini, na katikati ya jibu akanyamaza. Akavua hedifoni, akanigeukia. "Mbona haijalia?" Nikasema labda mashine imesahau. Akasema, "Mashine haisahau. Mmenionea huruma." Akainuka. Alikuwa na hasira ya mtu mpole, ile isiyo na kelele. Akaniambia nimwambie yule mama kwamba yeye ana pamba, ana ng'ombe, ana mikono, na hakutoka Mwamapalala kuja kuomba. Nilimtafsiria Bi Rukia kwa maneno laini, lakini alinishika mkono akasema, "Sema kama alivyosema." Nikasema. Akatikisa kichwa taratibu. Mama Kabula akatoka bila kumaliza, na siku ya mnada uliofuata hakuja.

Kwenye ujumbe, Mwalimu Sayi aliuliza mbona kimya. Aliandika kwamba mtoto anakaa mbele ya ile kompyuta ya mwanafunzi tangu asubuhi, hataki kula. Nilimsomea Bi Rukia tukiwa mkekani, ugali na dagaa wa nazi mbele yetu. Alimega tonge, akalichovya, akalirudisha kwenye sahani. Kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa dalili mbaya.

Asubuhi yake akanituma kununua karatasi ngumu na kalamu nene, akaniambia andika: KUANZIA LEO UNALIPA MARA MOJA, UNAKAA KUTWA. BEI NI MOJA KWA WATU WOTE. Bei yenyewe ilikuwa sawa na sahani ya wali na maharage kwa mama ntilie. Nilidhani nimesikia vibaya. Mzee Idi alipoisoma barazani alicheka, halafu aliacha kucheka, akaingia uani. Nilikuwa stoo napanga makaratasi, ukuta ni wa mbao, nikayasikia yote.

"Rukia, una homa?"

"Sina."

"Watakaa humo kama kunguni. Lile dishi unalilipia kila mwezi kwa pesa ya kununulia pikipiki."

"Najua ninalipia nini."

"Ni yule mama wa Mwamapalala. Unabomoa duka zima kwa sababu ya mama mmoja?"

"Punguza sauti. Bure hataki, na kumpunguzia yeye peke yake hataki. Sasa nifanye nini? Ikiwa bei ya wote, atalipa na atakaa."

"Na hao wengine?"

"Hao wengine watafurahi. Kaka, kula chakula chako."

Alipotoka na kunikuta stoo alijua nimesikia. Akaniambia nisimwambie mtu, na hasa yule mama, muda wote yeye Rukia akiwa hai. Nikaapa kwa jina la mama yangu. Nikamtumia habari Mama Kabula kupitia dereva wa lori, kwamba bei imebadilika kwa watu wote. Alikuja. Kwanza hakuvua viatu, alisimama akaangalia wengine wanavyolipa. Akamwona Deo, kijana wa mizani ya kiwanda cha pamba ambaye msimu ulikuwa umekwisha na hana kazi, ametoa noti ile ile na kuambiwa akae mpaka jioni. Akaniuliza, "Na huyu ni hivyo hivyo?" Nikasema hivyo hivyo. Ndipo akavua viatu.

Sitasahau siku zile. Walisalimiana mpaka salamu zikaisha zenyewe, halafu wakaingia katika kitu ambacho sikuwahi kukiona katika chumba kile: hawakusema. Mama Kabula alikuja na karanga zake, akakaa na hedifoni kichwani anamenya. Mara anasema, "Uko?" Anasikiliza. "Na mimi niko." Anamenya tena. Huko India mtoto alikuwa anachora, au anasukwa nywele na mke wa yule mwanafunzi, na mama anasikia chanuo. Siku moja aliniita nisikilize, akaniwekea hedifoni sikioni, uso umefunguka kabisa. "Anakula," akaniambia. "Sikia anavyotafuna." Nimefikiri sana juu ya jambo hili, hasa sasa ambapo wanangu wako Mwanza na Dar na tunapigiana kwa kifurushi. Tukihesabiwa dakika tunaambizana mambo ya lazima: ada, homa, mvua. Nikiwa na bando kubwa naweka simu kwenye unga nikikanda, na mwanangu wa kike anafua kwake, na tunakaa pamoja hivyo. Lakini sitaki kusema uongo, bando kubwa likiwa ndani ya nyumba nalo linatuharibu. Naangalia watu nisiowajua wakicheza mpaka mafuta yanaungua. Sijui ipi ni bora. Najua tu nani aliihitaji ipi, na lini.

Maana Mzee Idi hakukosea. Kunguni walikuja. Deo aliwaleta wenzake, na wenzake wakaleta wenzao, na benchi la barazani likabaki tupu kwa sababu hakuna tena aliyehitaji kuandika nje. Walifika kabla sijafungua. Walicheka, waligombea kiti cha karibu na feni, walipakua nyimbo na picha za mieleka, wakawa wanachoma sidii na kuziuza mnadani. Watu wa barua walichungulia, wakaona hakuna kiti, wakaondoka. Na mtandao ukawa mzito. Ulikuwa kama bomba moja lililofunguliwa na watu watano, kila mmoja na ndoo yake. Sauti ya Kabula ikaanza kukatika. Mama yake alikuwa anasikia nusu ya neno, anangoja nusu nyingine, haiji.

Ndipo ukaja ujumbe wa mjomba. Siku fulani watampasua asubuhi. Siku moja kabla, mchana, atakuwa na mama yake kwenye kompyuta kwa mara ya mwisho, kisha watamlaza wodini ambako hakuna mtandao. Mama Kabula alikuja mjini jana yake, akalala stoo pamoja na mimi. Alinisaidia kutwanga karanga, akafagia ua ambao nilikuwa nimeshaufagia.

Asubuhi ile vijana walijaa mapema kuliko siku zote. Deo alikuwa amekuja na begi zima la sidii tupu. Nilimwachia Mama Kabula kompyuta ya ukutani, nikajaribu mstari, sauti ikatoka kama mtu anayezama. Nikaenda uani. Bi Rukia alikuwa amewasha moto mkubwa kuliko wa siku ya kawaida na anachambua mchele.

"Shangazi," nikamwambia, maana hivyo ndivyo nilivyomwita, "haipiti. Tuzime swichi kuu, tuseme umeme umekatika."

"Na redio ya Idi inaimba hapo jirani? Hao si vipofu wala viziwi."

"Basi tuwafukuze. Wakirudi kesho tutawarudishia pesa zao."

"Nimeandika kutwa. Wewe mwenyewe umeandika kwa mkono wako. Kutwa imeisha?"

"Haijaisha."

"Basi nimenyee kitunguu saumu."

Nilitwanga kitunguu saumu nikiwa na hasira mpaka machozi. Haikuwa sikukuu ya Idi, haikuwa Ijumaa, hakuna aliyeolewa na hakuna aliyekufa, na yeye anakaanga nyama ya pilau. Harufu ikapanda. Iliingia kwenye chumba cha kompyuta kwa mlango ule wa nyuma, na mimi nilikuwa bado sijaelewa. Nilielewa alipotandika mikeka miwili uani, akashusha masinia, akajifunga ushungi vizuri, akaenda kusimama kati ya chumba na ua.

"Wanangu," alisema kwa ile sauti ya chini, "leo nimepika. Karibuni mle."

Wakatazamana. Kijana mmoja akauliza, "Kuna nini, mama?"

"Kuna pilau."

Duka lile lilikuwa na kanuni ya zamani, tangu enzi za dakika: mtu akiinuka kitini, hata kwenda chooni, mimi naisimamisha mashine yake asiliwe muda, na mashine ikisimama inaachia mtandao. Na kanuni nyingine, chakula hakiingii ndani. Kwa mtu aliyelelewa Simiyu, kukaribishwa chakula na mama wa umri ule, ukamjibu niko bize, hilo haliwezekani. Hata mhuni anajua. Wakaanza kuinuka mmoja mmoja, wanasema asante mama, na mimi nikawa napita nyuma yao nasimamisha. Mashine ya kwanza, sauti ya Kabula bado inakatika. Ya pili. Ya tatu. Akabaki Deo.

"Dada Limi, subiri, huu wimbo umebaki kidogo."

"Wenzako wanakula."

"Wataniachia."

Uani mtu akapiga kelele, "Deo, kaa huko huko, baba! Minofu tunaijua sisi!"

"Wanakutania," nikamwambia.

"Hawanitanii. Nawajua, ni fisi hawa." Macho yake yalikuwa kwenye ule mstari wa kijani unaotambaa kwenye kioo, pua yake iko uani. Bi Rukia akarudi mlangoni. Hakumkemea. Alisema tu, "Deo mwanangu, nimekuwekea ukoko. Lakini mkono wangu hauwezi kuulinda peke yake." Deo akaguna, akavuta hewa, akainuka. "Nisimamishie, dada. Lakini kiti ni changu."

Nikasimamisha. Na hapo hapo, kutoka kwenye hedifoni za Mama Kabula, nikiwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, niliisikia sauti ya mtoto nzima nzima, safi, kana kwamba yuko chini ya meza. "Mayu, mwadila."

"Mwadila, ng'wanone," mama akamwitikia mwanawe.

Walisalimiana. Hawakuruka mtu hata mmoja. Bibi, baba mkubwa, majirani, ndama. Huko uani walikuwa wanacheka na kugombea pilipili, na Bi Rukia akawa anaongeza, anasukuma sinia, anauliza huyu ni mtoto wa nani na yule kwao wapi. Walipomaliza akaleta maji ya kunawa, birika moja, taratibu, kwa kila mmoja. Halafu akaanza chai. Nilikaa mlangoni. Nikamsikia mtoto anauliza, "Mayu, nikilala utakata?"

"Sikati."

"Hata nikilala sana?"

"Nimelipa kutwa," mama yake akamwambia. "Lala."

Deo alirudi akiwa anajifuta midomo, anataka kiti chake. Nilimzuia kwa mkono. Akachungulia juu ya bega langu. Mama Kabula alikuwa ameegemea meza, macho ameyafumba, viganja vyote viwili vimekandamiza hedifoni masikioni, na kioo mbele yake hakina picha yoyote, ni jina la mjomba tu. Deo akaninong'oneza, "Anaongea na nani?" Nikamwambia na mtoto wake, amelala, kesho anapasuliwa moyo. Deo alisimama pale kidogo. Kisha akarudi uani, na nikamsikia anawaambia wenzake kwa sauti ya kibabe, "Kaeni, kaeni. Mnakimbilia wapi? Chai ya watu haijaisha. Hebu ngoja niwasimulie kule kiwandani mtu alivyojipima mwenyewe kwenye mizani ya pamba." Ilikuwa hadithi ndefu, na nyingine ikafuata. Hakuna aliyerudi ndani mpaka mjomba alipokuja kumbeba mtoto na kukata mstari kutoka upande ule.

Mama Kabula hakuondoka Bariadi. Kesho yake tulikaa naye uani tangu asubuhi, na kila mara niliingia kuangalia ujumbe, na kila nikitoka alikuwa ananiangalia miguu, haniangalii uso. Jua lilipokuwa linaelekea kushuka nikakuta maneno ya Mwalimu Sayi. Nikamsomea kwa Kisukuma: wamemaliza, ameamka, ameomba uji. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Akasema, "Uji wa nini?" Nikamwambia hajaandika. Akacheka, akaficha uso kwenye kanga, na mgongo wake ukatikisika muda mrefu. Bi Rukia hakumgusa. Alimwekea maji karibu, akaenda dukani.

Mtoto aliporudi Tanzania, bango tulilibandua. Tukarudi kwenye dakika, na Deo alilalamika wiki nzima, halafu msimu wa pamba ukafunguliwa akaenda zake. Lakini watu wa barua hawakurudi wote, na deni la dishi la miezi ile lilikuwa limeota mizizi. Zikaja simu za kubeba intaneti mfukoni. Bi Rukia aliuza kompyuta moja moja, akaanza kuuza vitenge katika chumba kile kile. Sikuwahi kumsikia anajuta, wala anajisifu. Mimi niliolewa Nyashimo, na kila nilipopita Bariadi nililala kwake, stoo ile ile.

Siku ya tatu ya msiba, baada ya dua, nilikuwa uani naosha masufuria. Akaja kunisaidia mwanamke mrefu, mkavu, kovu jembamba limechungulia kwenye shingo ya blauzi yake. Sikumuuliza jina. Nilimsalimia kwa Kisukuma, akaitikia yote, akauliza hadi watu wa nyumbani kwangu asiowajua. Akaniambia ametoka Mwamapalala, ana wanawe wawili, wanalima pamba. Alikuwa hajui chochote cha nyumba hii.

"Mama ndiye kanituma," akasema. "Miguu yake haimruhusu safari. Akasikia yule mama wa kompyuta amefariki, akaniambia niende lazima, nikazike."

"Alikwambia nini juu yake?"

Akasugua sufuria, anafikiri. "Si mengi. Anasema alikuwa mfanyabiashara mkali, hapendelei mtu, huyu na yule wote sawa. Ila anasema bei yake ilikuwa nzuri."

Kiapo changu kilikuwa kimekwisha siku ile walipomfukia, na maneno yalikuwa yamenijaa mdomoni. Nikamtazama, anavyopumua vizuri, anavyosugua kwa nguvu kama mama yake. Nikamimina maji safi juu ya sufuria lake.

"Ndiyo," nikamwambia. "Bei ilikuwa nzuri."